Kule Hakuna Pole

Mkubwa, rudisha huo mlango, na redio izimwe. Sogeeni, wanangu, sauti yangu siku hizi haifiki hata dirishani. Mama yenu akae hapa kichwani na kikombe chake cha maji. Kifungo, wewe kaa miguuni, na hata ukiikalia miguu yenyewe sitajua, ilishashikwa na ganzi tangu wiki iliyopita na sasa vidole vya mikono navyo vimefuata. Mnaniuliza kila saa kama naumwa. Siumwi. Ganzi haiumi, ila inapanda, na nataka niseme kabla haijafika mdomoni.

Jana mlikaa barazani mkinong'ona, mkidhani mtu akifumba macho na masikio yamefumba. Mkubwa ukamwambia mdogo wako asiondoke Alhamisi, asubiri kwanza mzee apumzike. Nikajisemea, kumbe kufa kwangu sasa kunasubiriwa na ndege. Na Kifungo ukakubali, ukasema utapiga simu kule wakuvumilie. Basi hilo ndilo neno langu la kwanza, mengine yote yako chini yake: Kifungo, utaondoka Alhamisi. Nikiwa hai utaondoka, nikiwa maiti humu ndani utaniruka uondoke. Hospitali ya ng'ambo iliyokupa kazi ya uuguzi imesema asiyefika siku ya kuanza nafasi yake anapewa mwingine, na mimi nawajua watu wale, wakisema wamesema.

Tumalize ya mali, maana ni machache. Nyumba ni ya mama yenu, na asije mtu akamwambia ahamie chumba cha nyuma. Akitaka kuipaka rangi ya zambarau, aipake. Duka la udobi ni lako, Mkubwa, na pasi zake na meza yake, ingawa nakupa huku roho ikisita, kwa sababu mpaka leo unapiga kola kuanzia katikati na kuacha mikunjo pembeni, wakati kola inaanzia nchani kwenda katikati, nimesema mpaka mate yamenikauka. Nguo za watu zirudishwe kwanza ndipo mnizike, mtu asije akakosa suruali ya kuvaa kwa ajili ya msiba wangu. Na baba yenu mdogo, ambaye hatujasalimiana tangu aliposema mbele za watu kwamba nilikwenda ng'ambo kuosha vyoo, muiteni aje akae mbele. Sikuosha vyoo, nilifua mashuka ya hospitali, lakini muiteni. Kinyongo chenyewe nimekitafuta juzi nikakikosa.

Sasa wewe Kifungo. Koti ulilonunua nimeliona, ni zuri la kwendea harusini. Kule litakufikisha uwanja wa ndege tu. Kabla ya koti nunua viatu, baridi inaingilia chini. Na utakapoamka siku ya kwanza ukaona jua dirishani, jua jeupe limependeza, usitoke na blauzi, jua la kule ni la kutazama. Mimi dobi mzima, niliyelelewa na kamba ya kuanikia, nilifua shati langu nikalianika nje kwa kuwa jua linawaka. Nilipolifuata nikalikuta limekauka kau, nikafurahi, nikataka kulikunja, likakataa kukunjika. Lilikuwa limeganda barafu. Nikaliingiza ndani likiwa limesimama lenyewe, likapata joto, likamwaga maji sakafu nzima, na wapangaji wenzangu wakapata cha kucheka mwezi mzima.

Joto lenyewe kule linanunuliwa. Chumbani kwangu palikuwa na chuma cha joto ukutani, ukikifungua kinakula mshahara, ukikifunga unalala na koti na kofia. Kodi inachukua chake kwanza, wewe unakula kilichobaki, na huku nyumbani watu wanadhani pesa za huko zinaokotwa barabarani. Mkubwa, unanisikia? Usimpigie dada yako simu za shida. Mpigie kumsalimia, umuulize amekula nini, basi.

Maji, mama yao. Kidogo tu. Ahsante.

Baridi utaizoea, na gharama utazizoea kwa kuwa huna jinsi. Kilichonishinda mimi ni kitu kidogo mno. Kule hakuna pole. Hapa ukijikwaa, hata mtu asiyekujua atakupa pole kutoka upande wa pili wa barabara. Una mafua, pole. Umetoka kazini, pole. Na hakuna anayedhani kwamba aliyesema ndiye aliyekukwaza. Mwalimu wa lugha yao aliniambia pole yao ni lile lile neno lao la samahani, nami nikalibeba hivyo hivyo. Sasa siku moja mama mmoja tuliyefanya naye kazi akanaswa vidole kwenye mashine ya kupigia pasi mashuka. Mimi nilikuwa mwisho kabisa wa ukumbi. Nikakimbia, nikamshika, pole mama, pole, pole sana, kwa lugha yao, kama ambavyo yeyote kati yenu angesema. Msimamizi akaja mbio, akauliza ni nani aliyewasha mashine. Nikamwona jasho linamtoka, nikampa pole na yeye.

Basi wakasema nimekiri. Kila nilipojaribu kujieleza nilianza na neno lile lile, na wao wakatikisa kichwa. Nikatolewa kwenye mashine nikashushwa chini kabisa ya jengo, chumba kisicho na dirisha, kuchambua mashuka machafu, na huko ndiko nilikokaa mpaka nilipofungasha kurudi.

Huko chini ndiko simu ilikonikuta, kwamba mama yangu, bibi yenu, amefariki na wameshamzika. Nikakata simu nikaendelea kuchambua, yenye damu huku, yenye mikojo huku. Yule mama wa vidole, ameshapona, akashuka na toroli la nguo, akauona uso wangu, akauliza, nikamwambia. Akanishika bega akasema lile neno lao. Na mimi, baada ya yote yaliyonipata, nilikuwa nalijua kwa maana moja tu. Nikamwambia, "Hujanikosea kitu." Akanitazama, akachukua toroli lake akapanda juu. Kumbe ilikuwa pole, wanangu. Pole ya kweli, nami nikamrudishia.

Sikulia siku ile. Nikasema nitalia zamu ikiisha; zamu ikaisha nikawahi basi. Nikasema Jumapili, Jumapili nikalala. Niliporudi nyumbani wakanipeleka kaburini, wakasimama pembeni wakinisubiri nilie, nami nikaona majani yameota, nikainama nikayang'oa. Mpaka leo bado. Si kwamba sikumpenda. Nilimpenda sana mama yangu. Wakati wa kulia ulipita nikiwa kazini, na sijui mahali pa kuufuata.

Hilo ndilo ninalokuogopea, Kifungo, wala si baridi.

Kwa hiyo... ngojeni nipumue. Kwa hiyo Mkubwa, nikishakwenda, usimpigie akiwa zamu. Ngoja afike chumbani, avue viatu, akae. Ndipo umwambie. Na wewe Kifungo usirudi kunizika. Nauli hiyo nunulia joto. Mimi nitazikwa na hawa hawa, wanatosha.

Mama yao, chukua mkono wangu umwekee Kifungo kichwani, mimi siuwezi tena. Uko hapo? Haya. Nenda salama, mwanangu. Mungu akutangulie. Upate watu wa kukuuliza umeamkaje, na ukae nao. Na nyinyi wengine... Mungu awaweke pamoja, msigombane juu ya kaburi langu wala juu ya pasi.

Kifungo, njoo huku sikioni. Karibu zaidi.

Tangu asubuhi nakuona unameza machozi. Usimeze. Kule hutapata nafasi, watakupa mgonjwa wa kugeuza, utasema baadaye. Nililie leo. Nililie nikiwa bado nipo, nikusikie.

Lia, mama.

Mkubwa, mwache. Msimnyamazishe... mwacheni alie mpaka achoke.