Aliyeniomba Maji Yangu Mlimani

Nawasalimu katika jina la Bwana, mama zangu na ndugu zangu. Leo nimesimama kwa miguu miwili, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Wengi mnanijua, mimi ni msusi hapa Glenwood, Durban, na napenda kukimbia. Kikundi chetu cha mbio kilikuwa na kiongozi, Mrundi mwenzetu. Jina lake silitaji, halistahili hata pumzi yangu. Alivaa saa ya kumpimia mapigo ya moyo. Moyo wenyewe, nawaambia, sijui saa iliuona wapi.

Tulisafiri naye hadi Ugiriki, kwenye mbio za milimani. Milima ile si kama ya kwetu Burundi. Iko mawe matupu, yanateleza chini ya kiatu, na vichaka vya miiba vinavyonukia kama dawa ya kikohozi. Kivuli hakuna. Kwenye mteremko jiwe likateleza chini ya mguu wangu, nikaanguka, kifundo cha mguu kikavunjika.

Yeye alikuwa nyuma yangu. Alisimama, nikamshukuru Mungu. Kumbe anaangalia saa. Akasema amejiandaa mwaka mzima kwa siku ile, atawaambia watu wa mbele waje kunichukua. Halafu, sikieni hili, akaitazama chupa yangu.

"Maman, si wewe umekaa? Hayo maji nipe mimi ninayekimbia."

Kwa maumivu niliyokuwa nayo, nikampa. Akaenda. Baadaye nilijua hakumwambia mtu yeyote.

Aliyenikuta ni dada mmoja Mwislamu wa kikundi chetu, mkazi wa Chatsworth hapa hapa Durban. Bwana yule alizoea kumcheka kwa nguo zake ndefu na mwendo wake wa polepole. Dada alichana mkono wa shati lake, akanifunga mguu. Nikamwambia aendelee, atakosa medali.

"Medali nitaifanyia nini?" akasema. "Niegemee."

Tukateremka hivyo, kwingine kwa kujikokota kwa makalio, mpaka barabarani.

Niliporudishwa Durban nikapasuliwa, nikawekewa vyuma. Sikuweza kusimama kusuka. Nililia, nikasema mbio basi. Ndipo bwana yule akaja kunijulia hali, medali shingoni. Hospitalini, eish. Akaniambia milima si ya kila mtu. Machozi yakakauka hapohapo. Nikasema moyoni, mtu mdogo namna hii hawezi kuniacha kitandani.

Dada wa Chatsworth alinitembeza ufukweni kila Jumamosi, kwanza na magongo, halafu bila. Sasa tunakimbia wote, polepole vilevile. Namshukuru yeye, nawashukuru na ninyi mama mlionipikia na kunisukia wateja wangu.

Ombi langu ni moja. Kabla hujapanda mlima na mtu, tembea naye kwanza mpaka pale kwenye robot, kwenye taa za barabarani. Taa ikiwa nyekundu naye akavuka akakuacha, wewe rudi nyumbani.