Nilipunguza Dawa Badala ya Safari

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana kuna wakati mimi hata "milele amina" ilinishinda kuimalizia.

Mnanifahamu, mtu wa safari. Nimeuza mitumba kutoka Msamvu hadi Kisaki. Kila nilikolala niliukumbuka ukungu wa kwetu Mgeta. Nikifika Mgeta, miguu inawasha tena. Kisha kope zikaanza kushuka zenyewe. Ugali nautafuna, taya zinagoma. Daktari akanieleza kwamba kinga ya mwili wangu imenigeuka, inashambulia pale neva zinapokutana na misuli. Akanipa vidonge vya kuituliza, akaniambia nipunguze safari. Kope zikainuka, nikarudia kupiga mluzi njiani!

Ndipo korona ikaja. Nikasikia wenye kinga iliyoshushwa na dawa wako hatarini. Ndugu zangu, nikajifanya daktari! Nikavificha vidonge ndani ya kiatu cha raba cha mtumba, nikawa najifukiza majani ya mikaratusi chini ya blanketi asubuhi na jioni. Joto lile likanilegeza kabisa. Baada ya wiki chache, hata mate hayamezeki, pumzi imekuwa fupi.

Dada yangu Felista akalifunua blanketi. "Kaka, humu unajifukiza au unajipika?" Akaona kope zangu zimeshuka. "Vidonge viko wapi?"

Nilitaka kudanganya. Nikasali moyoni: Bwana, nipe kusema kweli. Sauti haikutoka, lakini kidole kikanyooka kwenye raba.

Kidole kile ndicho kilichoniokoa! Nilifika hospitali ningali napumua. Nilipopata nafuu, daktari akanitazama: "Nilikwambia upunguze safari, wewe ukapunguza dawa?" Nilicheka na oksijeni puani. Akanirudishia dawa kwa utaratibu wake, akaniagiza barakoa, nikae mbali na misongamano, na nisiguse kipimo bila kumwuliza.

Nikakaa kwa Felista miezi na miezi. Mimi! Nikapanda kabichi, na kwa mara ya kwanza maishani nikaiona niliyoipanda mwenyewe ikifunga. Nililia kwa furaha katikati ya matuta.

Ndugu yangu uliyeacha dawa kimyakimya kwa hofu, Mungu haogopi ukweli wako, na daktari hataumia kuusikia. Itoe dawa kwenye raba leo, ukamwulize. Mtumaini Bwana, anaokoa!

Na sasa simameni tumshukuru. Wimbo nauanzisha mimi, kwa mluzi. Felista, usinivute shati!