Anli Mouridi, Mtunza Daftari la Chupa

Bwana Anli Mouridi anastaafu leo, tarehe 31 Desemba 1976, baada ya miaka ishirini na minane katika klabu yetu: minane bandarini Mutsamudu akipokea makreti, ishirini hapa Moroni akitunza daftari la vinywaji. Wafanyakazi tulikuwa kumi na tisa. Tumebaki wanne, na viti mia na ishirini, kwa hiyo atakayesimama kwenye sherehe hii kapenda mwenyewe.

Kwa wasioijua kazi yake: klabu haikuuza pombe. Wanachama walichanga kila miezi mitatu, michango ikaingia kwenye mfuko wa vinywaji, mfuko ukaagiza makreti kwa meli. Chupa zilikuwa mali yao. Kila mmoja alikuwa na ukurasa wake, na Bwana Anli alikata kwenye mchango wa mtu bei ya kila bilauri aliyokunywa. Wazungu wazima wenye digrii walimwendea asubuhi, vichwa vikiwagonga, kumuuliza jana walikunywa nini. Aliwajibu kwa adabu, yeye ambaye hajaonja hata povu la bia.

Uhuru ulipokuja, wanachama waliondoka mbio kama waliosahau chungu motoni. Zikabaki chupa mia tatu na kumi na mbili. Mwingine angesema hazina mwenyewe. Bwana Anli aliandika barua arubaini na moja, kumuuliza kila mmoja fungu lake alitakaje. Walijibu watatu. Zaidi ya mwaka alifungua ofisi kila asubuhi saa moja na nusu, akahesabu chupa za watu wasiokuwepo, akafunga, akarudi nyumbani kwake Badjanani kupika wali wa mtu mmoja. Mkewe, marehemu Zalifa, hakumwachia mtoto.

Sasa niseme jambo ambalo karatasi za sherehe hazisemi. Tarehe sita Julai mwaka jana, watu wakiushangilia uhuru barabarani, mimi Ousseni, mpishi wenu, niliushangilia ghalani na chupa moja ya wanachama. Bwana Anli alinikuta nimelala juu ya magunia ya mchele. Mfanyakazi akigusa pombe hufukuzwa, na daftari halikubali pengo. Kati yetu wafanyakazi, yeye karani peke yake ndiye aliyeruhusiwa ukurasa, na wake ulikuwa mweupe miaka yote. Akaiandika chupa ile humo, kwa jina lake, akatia mfukoni mwa klabu faranga mia tisa za mshahara wake. Nilipombembeleza anitaje mimi, alisema:

"Wewe una watoto sita. Mimi nina kalamu."

Oktoba hii komiti ya vijana wa serikali mpya ilikuja kukagua. Chupa zililingana na daftari, hata moja haikupungua, kisha zikamwagwa zote. Ila kijana mmoja akalichukua daftari hadi bangweni, uwanja wanapokaa wazee, akasoma majina ya walevi. Wazungu hawakuwepo kusikia. Likabaki jina moja la mtu wa mji. Bwana Anli hakujitetea. Mimi nilikuwepo, nikakohoa.

Tangu siku hiyo, akikaa bangweni, wenzake hukumbuka shughuli nyumbani. Kitambaa cha Idi alichompelekea dada yake Hassanati, Mutsamudu, kilirudi na meli ileile, kamba haijafunguliwa. Na huko ndiko anakorudi kesho, hana ndugu mwingine.

Kwa hiyo jana baada ya alasiri niliyasoma haya yote bangweni, mke wangu akisikia. Wazee walinitukana kwa zamu, kila mtu kwa cheo chake. Nakala imetangulia Mutsamudu kwa Bibi Hassanati.

Ahsante, Bwana Anli, kwa hesabu safi na kwa kunisitiri. Tunakuombea uzee uliojaa watu.

Nawe Bibi Hassanati, kaka yako hajawahi kunywa. Mlangoni kwako atabisha mara moja tu, kisha ataondoka, ndivyo alivyo. Usikawie kufungua.