Historia ya Marehemu Elibariki Zephania Mgonja na Bustani ya Nyuma ya Soko

Mchungaji wetu, Mama Devotha na watoto, majirani wa hapa Mamba, nanyi mliopanda mlima tangu alfajiri kutoka Same, wa kanisani na wa msikitini, poleni kwa msiba na poleni kwa barabara. Mimi ni Nathanaeli, mdogo wake marehemu, ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nitayasoma yalivyo, kwa sababu kaka yangu hakuwa na imani na historia za misibani, alikuwa akisema kwamba ukizisikiliza utadhani Upare mzima hajawahi kufa mtu mkorofi.

Marehemu Elibariki Zephania Mgonja alizaliwa hapa hapa Mamba tarehe 14 Machi 1952, mtoto wa pili wa Mzee Zephania na Mama Ernesta, wote sasa ni marehemu, na Mama alituhadithia kwamba tangu akiwa mtoto wa kunyonya hakumkubali mtu upesi, kila aliyempakata alimkazia macho kwanza, akishamaliza kumpima ndipo alie au anyamaze. Alianza darasa la kwanza mwaka 1960, akamaliza shule ya kati mwaka 1967, akaendelea na sekondari mjini Moshi hadi kidato cha nne mwaka 1971, na walimu wake walimsifu kwa akili na kumlalamikia kwa tabia moja, kwamba akishapewa jibu aliuliza ni nani aliyelisema.

Tarehe 2 Aprili 1973 aliajiriwa kuwa karani wa mahakama ya mwanzo, akafanya kazi hiyo Gonja, Mwanga na hatimaye Same, mpaka alipostaafu mwaka 2012, na ndugu zangu, kazi ile ilimfaa kupita kiasi. Miaka yote hiyo aliandika kesi za mipaka ya mashamba, ndugu kwa ndugu, mtu ameshika Biblia au Msahafu na huku anadanganya mchana kweupe, hata ikafika mahali akaamini kwamba binadamu hatoi tabasamu pasipo sababu. Swali lake lilikuwa moja tu, aliliuliza kwa mchuuzi, kwa mgombea, kwa mkwe na kwa mchungaji, naomba mchungaji aniwie radhi, nalo ni kwamba huyu anataka nini.

Alifunga ndoa takatifu na Devotha, binti wa Msangeni, tarehe 6 Agosti 1977, baada ya kuchunguza ukoo wa binti huyo kwa muda mrefu mno, akiulizia kisimani, sokoni na kwa fundi viatu, hata baba mkwe akauliza kama kijana yule amekuja kuposa au ametumwa na polisi. Mungu aliwajalia watoto watatu, Tumainieli mwaka 1978, Blandina mwaka 1981 na Faraja mwaka 1986, na wote wanakiri kwamba baba yao aliwapenda sana, ingawa hakuna hata mmoja aliyewahi kumletea zawadi bila kuhojiwa.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo wengi wenu mnalijua nusu, nami nimeagizwa nilisome lote. Mwezi Novemba 2019 halmashauri ilibandika tangazo sokoni Same, ikiwaomba wakazi wenye moyo wa kujitolea waunde kamati ya kuishauri kuhusu bustani, miti ya barabarani na viwanja vya wazi, kazi isiyo na posho wala chai. Elibariki alilisoma tangazo lile, akarudi nyumbani hana raha, akamwambia mkewe kwamba mtu haombwi ushauri wa bure ila pale ambapo jambo limeshaamuliwa, na kesho yake alikwenda kujiandikisha, si kwa kupenda maua, maana maua hakuyajali hata kidogo, bali ili awe karibu aone mambo yakitendeka. Mwenyekiti alichaguliwa Mzee Salimu Idrisa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambalo ukuta wake wa nyuma unapakana na ule uwanja wa vumbi ulio nyuma ya soko, na jambo hilo peke yake, duka kupakana na uwanja, lilitosha kumkosesha kaka yangu usingizi.

Hata hivyo, tuseme haki, kazi ilifanyika. Kamati iliishauri halmashauri uwanja ule uwe bustani, ikakubali, na Elibariki ndiye aliyewashawishi watu wa mjini, Wapare kwa wasio Wapare, waje msaragambo, ile kazi ya pamoja tuliyokuzwa nayo huku milimani, wakachimba mashimo, wakapanda miarobaini, mikwaju na mijakaranda, wakaweka mabenchi. Alipanda mlima na kushuka na magunia ya samadi ya mbuzi, na ukame wa mwaka 2021 ulipokuja, miti ya watu ikakauka mji mzima isipokuwa ya bustani ile, alitamba kila kikao kwamba samadi ya Mamba si mchezo. Bi Husna, afisa wa bustani, alikuwa akitabasamu na kunyamaza, na kaka yangu aliliona tabasamu lile, akaliweka moyoni pamoja na mengine.

Mwezi Februari 2022 Bi Husna alihamishiwa mkoa mwingine, Elibariki akasema uhamisho huo una mkono wa mtu, na wiki hiyo hiyo, alipofika bustanini asubuhi, alikuta yamepandwa masale. Wazee wa huku hamhitaji kuelezwa, lakini kwa wageni wetu niseme kwamba isale, mmea ule wa majani marefu, kwa Mpare si ua la kupamba, ni mpaka, ukilipanda umesema kwamba kuanzia hapa ni kwangu, na mtu akiling'oa la mwenzake anaweza kupelekwa barazani. Masale yale yalianzia kwenye kona ya ukuta wa duka la Salimu, yakanyooka kama uzi mpaka katikati ya miti, yakakata kipande kizuri cha bustani upande wa dukani. Ndugu zangu, karani wa kesi za mipaka aone kitu kama hicho, kwa mfanyabiashara mwenye ukuta hapo hapo, na afisa aliyekuwa akijua mambo ameshaondolewa, jamani, nani angemtuliza?

Hakumuuliza Salimu. Hilo ndilo kosa, na mwenyewe amesema liitwe kosa. Badala ya kuuliza alikaa kwenye benchi miezi mitatu akijifanya anapunga upepo, akitazama nani anaingia dukani kwa mlango wa nyuma, nani amebeba futi ya kupimia, na kila alichokiona kilimthibitishia, kwa maana ukishamshuku mtu hata kupiga chafya kwake kunakuwa ushahidi. Mke wake alimsihi amwendee mwenzake kiutu uzima, akajibu kwamba mwizi hapigiwi hodi.

Jumamosi tarehe 14 Mei 2022 kamati ilifanya kikao cha wakazi palepale bustanini, watu wakajaa, na Elibariki akasimama, akamshtaki mwenyekiti mbele ya umma kwamba anamega ardhi ya wananchi ili ajenge fremu za maduka, kwamba sadaka na salamu zake zote ni chambo, na kwamba isale halipandwi bure. Salimu alisema kwa upole kwamba kwao, Wapare wa tambarare waliozaliwa kwenye biashara, yeye alilijua lile kuwa jani gumu lisilokufa kwa jua, basi. Elibariki akacheka kile kicheko chake cha mahakamani, akachukua jembe, akaanza kuyang'oa moja baada ya jingine, watu wengine wakimshangilia, mpaka jembe likagonga kitu, na maji yakaruka yakamlowesha kuanzia kifuani hadi viatuni.

Lilikuwa bomba. Salimu alilifukia kutoka kwenye mita ya dukani kwake hadi kwenye miti, kwa ruhusa ya Bi Husna, liwe sadaka ya mama yake, Bi Maua, aliyefariki mwaka 2021, na kila siku baada ya sala ya alfajiri alimwagilia miti yote kwa mkono wake na kuondoka kabla watu hawajaamka, halafu, mafundi wa barabara walipotaka kuchimba hapo, akapanda masale juu ya bomba ili wasije wakalikata. Ile samadi ya Mamba, ndugu zangu, ilikuwa inakunywa maji ya Salimu. Kaka yangu, amesimama na jembe analowa, akauliza kwa nini hakuambiwa, na Salimu akamjibu maneno ambayo yalimkaa mpaka kifo chake:

"Mzee Mgonja, ningekwambia, ungeniuliza nataka nini."

Jioni ile Salimu alilitengeneza bomba, akaendelea kumwagilia, lakini uenyekiti aliuacha, na tangu siku hiyo baina yao ikabaki salamu tu. Elibariki alitaka kuomba radhi na alishindwa, kiburi kilimshika ulimi, akawa anakwenda dukani kwa Salimu kila baada ya muda akidhamiria kusema, akifika anababaika, ananunua misumari, anarudi. Nyumbani tumekuta makopo na makopo ya misumari, wala hapakuwa na banda lililokuwa likijengwa, na Mama Devotha anasema kila mara mumewe aliipima upya kwenye mizani ya jikoni, na kila mara ilitimia, na kutimia kwake kulimuuma kuliko kama angepunjwa.

Mwezi Septemba 2024 alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa Same, kisha akapewa rufaa kwenda hospitali kubwa, ambako aliwahoji madaktari hadi nao wakamzoea. Mwezi Januari mwaka huu Salimu alisafiri kwenda kumwona hospitalini, akamletea tende, akamwombea dua, akaondoka, na mlango ulipofungwa kaka yangu akamgeukia mkewe akauliza yule amefuata nini. Mama Devotha, aliyevumilia swali hilo tangu mwaka 1977, alimjibu:

"Amekufuata wewe, Elibariki. Hakuna kingine humu ndani."

Alilia, na mimi nilikuwapo, sikuwahi kumwona akilia hata tulipomzika Mama. Aliniambia kwamba neno alilolisema mbele ya watu haliwezi kufutwa kwa kunong'onezana hospitalini, litafutwa mbele ya watu, tukampangia akipata nafuu apelekwe bustanini, lakini nafuu haikuja. Basi akaniagiza nilifute mimi siku ya mazishi, na kwa kuwa alinishuku nitaliruka kwa aibu, alimwagiza pia mkewe, na Blandina, na mchungaji, ili wanichunge. Alitutoka Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa uvumilivu wao, majirani wa Same waliomlaza mgonjwa na kumwamsha, wastaafu wenzake wa mahakama, kamati ya bustani iliyokuja na lori zima la watu, na ndugu zetu wa msikitini waliochimba kaburi hili tangu jana pamoja na vijana wa kanisani.

Mzee Salimu, nimekuona, umesimama kule nyuma, naomba watu wakupishe usogee mbele, kwa sababu ulisemwa mbele ya watu. Elibariki Zephania Mgonja anasema hivi, nami natamka kwa kinywa changu kama alivyonitamkia, kwamba ulikuwa huna mpaka uliouweka, ulikuwa huna kitu ulichokitaka, yeye ndiye aliyekosa, na anakuomba msamaha akiwa hana tena nafasi ya kukuuliza kwa nini umemsamehe.

Lala salama, kaka, unashushwa na mikono ya watu wasiotaka chochote kwako.