Vitundu Vitatu vya Fundi Salamat

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa mtaa wetu, mafundi wastaafu mliojikongoja hadi hapa, na wageni mlioketi safu ya pili, mimi ni Rifqa binti Yunus, mjukuu wa kwanza wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake. Kila tarehe iliyomo humu nimeikagua mara tatu, kwa sababu marehemu ni mtu ambaye jina lake liliandikwa mara moja tu katika kitabu cha waajiri wake, na hiyo mara moja liliandikwa kwa ubaya.

Marehemu Salamat Masih alizaliwa Jumanne, tarehe 11 Machi 1941, katika kijiji kimoja karibu na Zafarwal, akiwa mtoto wa nne wa Inayat Masih, kibarua wa mashamba ya ngano, na mkewe Barkat Bibi. Alianza shule ya misheni mwaka 1948, akasoma hadi darasa la nane, na mwaka 1956 baba yake alipoumia mgongo aliacha masomo, akaja hapa Sialkot kwa shangazi yake, katika nyumba ileile ambamo ametoka leo akiwa amebebwa.

Tarehe 4 Februari 1957 aliajiriwa katika kiwanda cha kutengeneza raketi za tenisi, kiwanda ambacho sitakitaja jina, kwa kuwa wenyewe wamo humu ndani na jina lao halijawahi kukosa pa kuandikwa. Alianzia kwenye sufuria la kuchemshia mbao, na baada ya miaka miwili akapandishwa kuwa mpindaji, yaani yule anayeitoa mbao ya mforsadi ingali na mvuke, akaizungusha kwenye kalibu kabla haijapoa, akaibana, na akajua kwa kiganja tu kama itakaa au itapasuka. Mafundi wenzake wataniunga mkono nikisema kwamba kazi hiyo ina nusu dakika, na kwamba ukichelewa katika nusu dakika hiyo hakuna gundi itakayokuokoa.

Ilikuwa desturi ya kiwanda kwamba kila mpindaji apige alama yake kwa msumari kwenye mpini, mahali ambapo baadaye ngozi ya kushikia ingeviringwa juu yake. Alama ya marehemu ilikuwa vitundu vitatu kwa mstari. Haikuwekwa ili mtu asifiwe, kwa maana nje ya raketi kulipigwa muhuri wa mchezaji wa Ulaya ambaye hajawahi kufika Sialkot, bali iliwekwa ili raketi ikirudishwa na mteja kwa kuwa mbovu, mkaguzi aibandue ngozi na ajue wa kumfokea. Kwa hiyo raketi nzuri zilikwenda zikapotea duniani, na mbaya pekee ndizo zilizorudi zikiwa na jina la mtu.

Tarehe 14 Januari 1965 alifunga ndoa katika kanisa hili na bibi yangu Sosan, binti wa Karamat Masih, ambaye ameketi mbele yangu sasa. Mwezi Septemba mwaka huohuo walikimbia mizinga ya vita vya India na Pakistan wakiwa na godoro moja na kibanio cha raketi, na bibi anasema hadi leo kwamba godoro ndilo lililosahauliwa njiani. Walijaliwa watoto wawili, baba yangu Yunus, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1967, na shangazi yangu Rut, aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 1969.

Mwezi Juni 1966 raketi kumi na mbili zilirudishwa kutoka ng'ambo zikiwa zimepasuka kichwani, mkaguzi akabandua ngozi mbele ya karakana nzima, na zote kumi na mbili zilikuwa na vitundu vitatu. Marehemu aliapa kwamba hakuzipinda yeye. Alimshuku jirani yake wa benchi, Alladitta, ambaye alama yake ilikuwa vitundu viwili na mkwaruzo, kwamba alikuwa amezipigia alama isiyo yake, na Alladitta akamjibu watu wakisikia, "Salamat, msumari wako ukilala na nani mimi nitajuaje?" Karakana ilicheka, mkaguzi akaandika jina la marehemu kwenye kitabu cha makosa, na babu akarudishwa kwenye sufuria kwa miezi saba. Haikuthibitishwa kamwe nani alifanya nini. Ninachojua ni kwamba watu hao wawili walikaa bega kwa bega miaka minane bila salamu, hadi Alladitta alipofariki mwaka 1974, bila mke wala mtoto, na babu hakwenda kumzika.

Raketi za mbao zilipokwisha soko, marehemu aliachishwa kazi tarehe 31 Agosti 1981, akapewa saa ya ukutani, akawa seremala wa vitanda. Ndipo ilipoanza ile shughuli ambayo wengi wenu mliiita wazimu. Mwaka 1983, katika soko la mitumba la Lahore, ndani ya robota la makoti ya Wazungu, aliona mpini anaoufahamu, akainunua ile raketi, akaibandua ngozi palepale barabarani, na chini yake palikuwa na vitundu vitatu. Raketi haikuwa na ufa hata mmoja. Bibi anasimulia kwamba aliingia nayo nyumbani ameikumbatia kama mtoto aliyepotea, naye akamwambia, "Baba Yunus, nilikutuma blanketi."

Tangu siku hiyo, kwa miaka thelathini na mitano, alizunguka masoko ya mitumba, vilabu vya maofisa, na mabanda ya wauza chakavu kutoka Rawalpindi hadi Multan, akitafuta kazi yake iliyokuwa nzuri. Nilipofika umri wa miaka kumi na miwili alinikabidhi daftari niliandike, kwa hiyo hesabu hii ni ya mkono wangu: alibandua ngozi raketi mia tatu na tisa, na kati ya hizo arobaini zilikuwa zake. Zenye alama za mafundi wengine alizipeleka kwa familia zao, akagonga mlango na kusema, "Hii aliipinda baba yenu, itazameni, haijapinda hata unywele." Wengine walilia, wengine waliziwasha moto wa kupikia dengu, na mwaka uliofuata alirudi kwao na nyingine. Za Alladitta alizirudisha kwa muuza chakavu.

Mwaka 2009 mkusanyaji mmoja wa raketi za kale alikuja kutoka Lahore, akanywa chai, akatazama ukuta wetu, akashika kichwa. "Mzee, umewachuna ngozi wote hawa! Ngozi ya asili ndiyo nusu ya thamani, umechinja, si kwamba umekusanya." Babu alimjibu kwa upole, "Mwanangu, hiyo ngozi ndiyo iliyonificha." Mgeni hakurudi tena. Raketi moja tu ilibaki na ngozi yake, ya mwaka 1962 kwa muhuri wake, ambayo mimi nilimzuia asiibandue, kwa sababu nilikuwa nimeanza kusomea uhifadhi wa nyaraka na nilijiona najua kitu.

Mwezi Novemba 2018 kiwanda kilitimiza miaka mia moja, na Bwana Mudassir, mjukuu wa mwasisi, alifika nyumbani kwetu na mpiga picha na sanduku la peremende, akaomba raketi arobaini kwa ajili ya chumba cha maonyesho. "Mzee Salamat, sisi ni familia moja," alisema. Karatasi ilikuwa na kurasa mbili. Nilimsomea babu ukurasa wa kwanza, uliozungumzia maadhimisho, na wa pili sikumsomea, kwa kuwa mpiga picha alikuwa akilalamika kwamba mwanga unapotea, mimi ambaye huwasahihishia watu tarehe kwenye kadi za arusi. Babu akatia saini. Ukurasa wa pili ulisema kwamba raketi zimetolewa moja kwa moja na hazitadaiwa.

Zilipotundikwa, mipini yote ilikuwa imeviringwa ngozi mpya ya kahawia, ikang'aa vizuri, na kibao cha shaba chini yake kilieleza kwamba hizi ni kazi za mikono ya mwasisi wa kiwanda, mtu ambaye, kwa ushahidi wa mafundi wote walioketi humu, hakuwahi kushika mbao yenye mvuke. Marehemu alikwenda pale mara tatu kuomba jina lake liandikwe, si badala ya jina la mwenye mali, bali chini yake, kwa herufi ndogo. Mara ya kwanza mlinzi alimwambia, "Mzee, wageni huingia kwa miadi." Mara ya pili aliambiwa kwamba kumbukumbu zimepekuliwa na jina la Salamat Masih limeonekana mahali pamoja tu, kwenye kitabu cha makosa cha mwaka 1966. Mara ya tatu alipewa chai. Siku hiyo bibi alisema, "Familia ya kuchukua haikosi, Baba Yunus, ya kuzika tutaiona."

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kubanwa kifua mwaka 2021, na madaktari waligundua kwamba mapafu yalikuwa yameharibiwa na vumbi la mbao na mvuke wa gundi. Alilazwa tarehe 3 Februari mwaka huu wa 2023. Jumanne tarehe 14, saa tisa alasiri, aliniomba nimletee ile raketi ya mwisho, ya 1962, nikamletea, akaniambia, "Ibandue, Rifqa, thamani yake nimekwisha kuila." Niliibandua polepole, ngozi ikakatika vipande kama ganda la kitunguu. Macho yake hayakuona tena karibu, na vidole vilikuwa vimekufa ganzi, akapapasa mpini, akauliza, "Vipo?" Nikamwambia, "Vipo, Babu." Akasema, "Hesabu." Nikahesabu: kimoja, viwili, vitatu. Alicheka hadi muuguzi akaja, akasema, "Arobaini na moja, na hii hawaipati, nizikeni nayo." Alifariki Alhamisi tarehe 16 Februari 2023, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja, miezi kumi na moja na siku tano. Ameacha mjane, watoto wawili, na wajukuu watano.

Raketi hiyo iko kwenye jeneza, upande wake wa kulia, kama alivyoagiza. Nimesema nimekagua kila kitu mara tatu, na siwezi kuacha kosa moja liende kaburini, kwa hiyo naomba bibi anisamehe kwamba analisikia hapa pamoja na watu. Chini ya ile ngozi kulikuwa na vitundu viwili na mkwaruzo. Ni raketi ya Alladitta. Nayo haina ufa.

Jana jioni kiwanda kilinitumia sentensi kikaomba niisome, nami naisoma kama ilivyo: "Uongozi unajivunia kumlea marehemu kwa miaka yote." Nimeisoma. Bwana Mudassir, mimi nami nina ombi, na nalitoa mbele ya mafundi hawa kwa sababu marehemu aliomba mara tatu faraghani. Sasa ni saa saba na nusu, maziko ni saa kumi, na chumba chako cha maonyesho kiko mwendo wa dakika ishirini kutoka hapa. Zipo arobaini ukutani. Tunaomba moja. Jeneza halitapigwa misumari hadi saa tisa na nusu, na baba yangu atasimama mlangoni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, hasa muuguzi wa zamu ya mchana aliyeiacha raketi ilale kitandani kinyume cha kanuni, majirani waliopika mikate siku tatu bila kuombwa, kwaya, wachimba kaburi, na mafundi wastaafu kumi na mmoja waliokuja, ambao majina yao nimeyaandika yote nyuma ya karatasi hii.

Babu, ikiletwa iliyo yako, nitakuwekea mwenyewe, na nitahesabu kwa sauti. Isipoletwa, utalala na ya Alladitta, na muda mtakuwa nao wa kutosha kupeana salamu. Pumzika, Fundi Salamat, amani iwe juu ya mikono yako.