Hotuba ya Posa

Treni ilipotoka Auburn, mzee Mkongo mwenye suti rangi ya chai ya maziwa alimgeukia nesi Mkenya, ambaye beji yake ilisema Nyakio. Mimi nilikaa nyuma yao, simu imezima, kwa hiyo masikio ndiyo yalikuwa kazini. "Mama, naenda Parramatta kuposea kijana wangu Olivier. Baba ya binti ni Mpresbiteri, anasema hawezi toa mtoto kwa Mkatoliki. Basi nimetayarisha hotuba."

"Haya, nijaribie."

Mzee akakohoa kama askofu. "Calvin, baba wa kanisa lenu, na Inyasi wetu wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, wote walisoma Chuo Kikuu cha Paris, tena koleji moja! Kama wale walikula jikoni moja, hawa watoto watashindwa?"

Nilitaka kupiga makofi. Nyakio hakutaka. "Walikuwa marafiki?"

"Hapana. Mmoja alifika mwenzake akitoka."

"Na baadaye?"

Mzee alitazama dirishani. "Baadaye waliachana kidogo."

"Kidogo! Baba, Wazungu walichinjana miaka na miaka kwa huko kuachana kidogo. Unaenda kuomba binti ama kutangaza vita? Sema kijana anampenda na anaosha vyombo, kisha ukae chini."

"Lakini nimekariri wiki nzima! Na iko na Kifaransa ndani!"

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Treni ikasimama Parramatta. Mzee alishuka akinyoosha tai, na kabla milango haijafunga nilimsikia akijikumbusha taratibu: "Calvin, baba wa kanisa lenu..."