Mtama Nilioupanda kwa Haraka

Mwenyekiti, akina mama wa kikundi, na nyinyi waume zetu mliobanana karibu na mlango mkidhani sitawaona, nawasalimu. Mmeniwekea kiti hapa. Asanteni, lakini nitasimama. Wanaonijua wanajua mimi na kiti hatuelewani.

Mnaniona nikipita na pikipiki, mbegu zimefungwa nyuma, mnadhani nilianza hivyo. Wapi! Miaka mingi nilikuwa nyuma ya kaunta ya duka la mbegu kule Homa Bay, napima, nafunga, nasema "karibu tena". Bosi wetu, mama mkali lakini mwenye roho safi, aliniita akataka nijifunze kazi ya nyanjani, ya kuwaonyesha wakulima mbegu mpya. Nikamwambia, "Madam, hiyo siwezi, nina watoto wadogo." Baadaye akaja na nafasi ya kusimamia tawi la hapa Migori. Nikasema Kiingereza changu kinakwaruza. Kila mara nilikuwa na sababu, tena za kweli, na ndiyo maana hakuna aliyenibishia.

Nafasi zote mbili akapewa msichana niliyemfundisha mimi mwenyewe kutumia mizani. Ndugu zangu, nawaambia, wivu ni ugonjwa. Nikawa siwezi kutulia. Napanga makopo kwenye rafu, napangua, napanga tena. Mteja akiuliza bei namjibu kama amenitukana. Nyumbani nazunguka tu, nafungua kabati, nafunga, mpaka mume wangu akaniuliza, "Mama watoto, kwani umepoteza nini?" Nilikuwa najuta, na majuto hayakai mahali pamoja.

Halafu yule msichana akaolewa mbali, akaacha kazi. Bosi akatoka ofisini, akaanza kusema, "Kuna kazi kule Karungu..." Nikasema, "Naenda!" Hakuwa amemaliza. Akauliza kama najua kuendesha pikipiki. Nikasema najua. Sikujua! Chekeni tu. Nilijifunzia kwenye uwanja wa shule, na kovu liko hapa kwenye goti, lakini siwaonyeshi.

Kazi yenyewe ilikuwa nipate shamba kando ya barabara, nipande mtama mpya unaovumilia jua, tuweke kibao, wapita njia waone. "Likikubali, kazi ni yako," bosi akasema. "Likikataa, kaunta bado iko." Jamani, ile kaunta! Nilikuwa naiota.

Nikapata boma la mzee mmoja mwenye wake wawili. Mke mdogo alikuwa mchangamfu, na shamba lake liko barabarani kabisa. Tukakubaliana. Mvua ikanyesha. Asubuhi nikafika na mbegu, nikakuta majembe yapo, watu wapo, wamesimama tu. Nikauliza, "Tuanze?" Mke mdogo akaangalia chini. "Bado. Tungoje kidogo." Nikangoja. Kungoja kwangu ni adhabu, na jua lilikuwa linapanda. Nikauliza tena. "Bado." Mimi ni mtu wa Kuria, kule mpakani, mambo ya boma la Waluo siyajui, na sikuuliza tunangoja nini. Nilijiambia hawa ni wavivu. Nikashika jembe, nikachimba, nikatia mbegu, nikafukia, nikamaliza mstari mzima peke yangu.

Watu wakaanza kuondoka kimyakimya. Mke mdogo akaweka mikono kichwani. "Madam, umeniua! Mikayi hajapanda!"

Mikayi ni mke wa kwanza. Waluo mlio hapa mnatikisa vichwa, mnajua. Mvua ikija, yeye ndiye hupanda kwanza, ndipo wengine wafuate; ukimtangulia, mkosi unaingia bomani. Na siku hiyo alikuwa ameenda matanga kwao, bado hajarudi.

Habari zilimfikia bosi kabla mimi sijafika mjini Sori. Kwenye simu hakupiga kelele. Alisema tu nirudishe pikipiki ya duka Ijumaa. Niliisimamisha kando ya barabara nikalia, siwafichi.

Kabla ya kuirudisha nilienda kwa mikayi. Nikamkuta mlangoni anachambua omena, wale dagaa wa ziwani. Nikaanza kuomba msamaha hata kofia ya pikipiki sijavua. Akanionyesha kigoda. "Nyathina, keti." Mtoto wangu, keti. Nikaketi. Akaendelea na omena zake kama sipo, mpaka zikaisha, mimi najizuia nisisimame. Ndipo akauliza, "Hiyo mtama yako, ni kweli ndege hawezi kula?"

Nikamwambia huo ni uongo, ndege atakula kama kawaida, lakini jua halitaumaliza.

Akacheka. "Angalau wewe hudanganyi. Sasa mbona ulipelekea mwenzangu, mimi hukuniona?"

Kumbe! Hasira yake haikuwa ya mila peke yake. Mama alitaka mbegu. Akasema, "Ng'oa ile ya kule. Panda kwangu kwanza, halafu utaona."

Shamba lake liko nyuma ya kilima, limejaa mawe, na kibao changu kingesomwa na mbuzi. Nikasikia maneno yangu ya kaunta yakinijia mdomoni: ni mbali, bosi hatakubali, siwezi. Nikayameza. Nikasema, "Sawa, mama, napanda kwako." Nikampigia bosi palepale, mikayi ananisikiliza. Bosi akasema, "Nakupa huu msimu. Ukiharibika, usinipigie tena."

Nikang'oa nilichopanda. Mikayi na mzee wakaweka mbegu kwa mikono yao, mimi nimesimama pembeni, mikono nyuma. Kesho yake mke mdogo akapanda. Wake wa shemeji zao wakaja kuomba mbegu, kisha majirani. Hakuna aliyekuwa anaangalia barabara, wote walikuwa wanamwangalia yule mama. Jua likaja kali, mahindi yakakauka, mtama ukasimama. Bosi mwenyewe alikwea kile kilima na viatu vyake vya ofisi kuja kuuona, na pikipiki haikurudi Homa Bay. Leo nasimamia wakulima kutoka Karungu mpaka hapa Migori.

Namshukuru bosi aliyenipa msimu mmoja. Namshukuru mume wangu aliyejifunza kupika ugali usiomeguka. Na yule mikayi, erokamano, mama. Nyinyi nawaambia hivi: nafasi ikija, ikubali hata kama unatetemeka. Ukifika huko ukaambiwa "bado", uliza tunangoja nani.

Juzi bosi alinipigia tena. Anataka nikaanzishe kazi Kuria, kwetu. Nikakubali. Halafu nikampigia mama yangu mzazi, nikamwuliza, "Mama, kwetu sisi, nani hupanda kwanza?" Akacheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena akasema, "Hukuwahi kuuliza hata siku moja. Njoo nyumbani, ukae chini nikueleze."

Kesho naenda. Na nitakaa.